Kula Nje Malaysia: Mwongozo Kamili, Kuanzia Nasi Lemak ya Asubuhi Hadi Teh Tarik ya Usiku wa Manane

Mgeni anayefika Malaysia kwa mara ya kwanza, awe mtalii au mwanafunzi, huanza kwa kuchagua chakula halafu ndipo atafute pa kukila. Wenyeji hufanya kinyume. Huangalia saa, huchagua aina ya mahali, kisha hula kile ambacho mahali pale hukipika vizuri saa ile. Satay, mishikaki ya huko, ukiipata saa 4 asubuhi, shuku kwamba ni ya jana. Nasi lemak, wali wa nazi na dagaa, iliyofungwa alfajiri, ikifika alasiri dagaa wake wamelegea na wali umekauka. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata saa na mahali kuliko orodha ya vyakula maarufu.

Kwanza, jua umeingia mahali gani

Kila aina ya mgahawa ina utaratibu wake wa kuagiza na kulipa, na wageni wengi hukwama hapo zaidi ya kwenye pilipili.

*Mamak* ni mgahawa wa Waislamu wenye asili ya India. Mingi hufunguliwa mchana na usiku bila kufungwa. Kaa meza yoyote iliyo wazi, usisubiri kupangiwa. Mhudumu atakuja na kuuliza utakunywa nini kabla ya kuuliza utakula nini, kwa hiyo uwe na jibu la kinywaji tayari. Ukimaliza, nenda kaunta ukalipe. Wakikuachia kikaratasi mezani, kichukue uende nacho, maana ndiyo hesabu yako.

*Kopitiam* ni mkahawa wa kale wa Wachina. Hapa mwenye nyumba kwa kawaida huuza vinywaji tu, na vibanda vya chakula vimekodishwa kwa watu mbalimbali. Utaratibu ni huu:

1. Tafuta meza, usome namba yake.
2. Nenda kwenye kibanda unachotaka, taja chakula, idadi na namba ya meza.
3. Rudi ukae. Mtu wa vinywaji atakufuata mwenyewe.
4. Lipa kila kibanda kivyake chakula kinapoletwa. Uwe na noti ndogo. Noti ya RM100 (RM ni ringgit, fedha ya Malaysia) kwa chakula cha RM8 itakuletea uso wa kukunjwa.

Kukaa bila kununua kinywaji si adabu, na baadhi ya kopitiam humtoza ada ndogo anayefanya hivyo. Vibanda vyenye kibao cha "layan diri" havileti chakula mezani: simama usubiri, ubebe mwenyewe.

*Kedai nasi campur* ndiyo mama lishe wa Malaysia. Sahani za mchuzi, mboga, samaki na kuku zimepangwa mezani, nawe unajipakulia. Makosa ya bei hutokea hapa kuliko mahali pengine popote. Chukua sahani, weka wali, chagua kitoweo kimoja na mboga mbili, kisha mwonyeshe mpiga hesabu kabla hujagusa kijiko. Atakutajia bei au atakuandikia. Wali, kipande cha kuku na mboga mbili mara nyingi ni kati ya RM8 na RM14, kulingana na mji. Kinachopandisha bei ghafla ni kamba wakubwa, ngisi na mayai ya samaki. Ukiviona vinakuvutia, uliza kwanza: "Ini berapa?" yaani, hiki bei gani?

Mgahawa wenye kiyoyozi na menyu iliyochapishwa unaweza kuweka alama "++" baada ya bei. Alama ya kwanza ni ada ya huduma, kwa kawaida 10%, na ya pili ni kodi ya huduma, ambayo kwa chakula ni 6%. Chakula kilichoandikwa RM40 utakilipa RM46 na ushee. Baada ya hapo bahashishi si desturi, na kwenye vibanda haipo kabisa.

Halali

Nchi ina Waislamu wengi, lakini si kila mlango ni halali. Cheti kinachotambulika ni cha JAKIM, idara ya serikali ya maendeleo ya Kiislamu. Nembo yake ni duara lenye neno halal kwa Kiarabu na kwa herufi za Kirumi. Vibanda vingi vya Wamalay na mamak havina cheti ila wenyewe ni Waislamu, na wenyeji Waislamu hula humo bila wasiwasi.

Tahadhari ni kwa mahali palipoandikwa kwamba hapauzi nguruwe wala mafuta yake. Maandishi hayo si cheti: kuku anaweza kuwa hakuchinjwa kwa sheria, na pombe inaweza kuwa imeingia kwenye mchuzi. Neno la kulijua ni *babi*, nguruwe. *Bak kut teh* ni supu ya mbavu za nguruwe, na *char siu* kwa kawaida ni nguruwe wa kuchoma. *Char kway teow* ya Wachina, tambi bapa za mchele za kukaanga, mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, hata kama nyama haionekani sahanini. Wamalay wana kuetiau yao (tambi zilezile) ya kukaanga, yenye mchuzi zaidi na isiyo na shaka, itafute hiyo.

Mwezi wa Ramadhani mambo hubadilika. Migahawa mingi ya Waislamu hufungwa mchana, na Muislamu anayekula hadharani anaweza kushtakiwa chini ya sheria za jimbo. Lakini kuanzia kama saa 10 alasiri hufunguliwa *bazar Ramadan*, safu ndefu za vibanda ambapo utaona vyakula ambavyo kwa mwaka mzima ungevisaka majimboni. Nenda mapema. Ikibaki nusu saa kabla ya magharibi hakuna pa kuweka mguu, na vizuri vimekwisha.

Maneno yanayofungua menyu

Usihangaike kukariri majina ya vyakula. Kariri vipande vyake, kwa sababu menyu ya Kimalay huunganishwa tu: kitu, namna kilivyopikwa, kitoweo.

*Nasi* ni wali, *mee* ni tambi, *ayam* kuku, *ikan* samaki, *daging* nyama ya ng'ombe, *kambing* mbuzi au kondoo, *udang* kamba, *sotong* ngisi, *telur* yai, *sayur* mboga, *bendi* bamia. *Goreng* ni kukaanga, *bakar* kuchoma, *rebus* kuchemsha, *kukus* kupika kwa mvuke. *Kuah* ni mchuzi. Sasa soma "nasi goreng ayam" au "ikan bakar" na huhitaji mkalimani.

Kisha maneno ya kuamuru: *kurang pedas*, pilipili kidogo, *tak nak pedas*, sitaki pilipili, *sambal asing*, sambal (rojo la pilipili) iwekwe pembeni, *tambah*, ongeza, *bungkus*, nifungie niondoke nacho. Mhudumu atauliza "Makan sini?" akitaka kujua kama unakula papo hapo. Mwite *abang* ikiwa ni mwanamume wa rika lako au mkubwa kidogo, *kak* ikiwa ni mwanamke. Wazee ni *pak cik* na *mak cik*. Kwenye mamak utasikia wateja wakiita "anney", kaka kwa Kitamil. Kuita kwa kupiga makofi au kufyonza midomo hakufai.

Asubuhi: saa 1 hadi saa 5

Desemba 2024 UNESCO iliuingiza utamaduni wa kifungua kinywa wa Malaysia kwenye orodha ya urithi usioshikika, na nasi lemak, roti canai na teh tarik ndivyo vinavyoubeba.

Nasi lemak ni wali wa nazi, lakini usitarajie wali wa nazi wa Tanga. Hupikwa kwa tui pamoja na majani ya pandan, mmea wa jamii ya mkadi, ndiyo maana una harufu inayokaribia vanila. Pembeni kuna sambal, dagaa wa kukaanga, karanga, tango na yai. Dagaa hao huitwa *ikan bilis*, nao ni ndugu wa dagaa mchele wa Unguja. Kifurushi kidogo kilichofungwa kwa jani la mgomba huuzwa takriban RM2 hadi RM4.

Namna ya kuipima kwa macho: tazama sambal. Iliyopikwa ikaiva huwa na rangi ya damu ya mzee na mafuta yamejitenga juu. Wapishi hulisubiri hilo kwa moto mdogo kwa muda mrefu. Sambal nyekundu inayong'aa bila mafuta kujitenga haijaiva: vitunguu na pilipili bado vibichi, na kiungulia kitakupata kabla ya saa 6. Wali uwe punje punje. Dagaa wakae mbali na sambal hadi dakika ya kula, vinginevyo hulainika. Usichanganye sahani yote kwa pamoja kama unavyofanya pilau na kachumbari. Beba wali, gusa sambal kidogo, ongeza dagaa wawili watatu na kipande cha tango. Tango si pambo, ndilo linalozima moto.

Roti canai ni ndugu wa chapati yetu ya tabaka, ila donge hulazwa ndani ya mafuta kwa saa kadhaa, kisha hupigwa na kurushwa hewani hadi liwe jembamba kama kitambaa, likunjwe na kukaangwa juu ya chuma. Ikitoka motoni mpishi huifinya kwa viganja viwili kutoka pembeni ili tabaka zifumuke. Kama hakuifinya, utapata kitu bapa. Huletwa na mchuzi wa dengu na mara nyingi mchuzi wa samaki au kuku, na bei ya kawaida ni takriban RM1.50 hadi RM2.50.

Agiza hivi: *roti kosong* ni tupu, *roti telur* ina yai, *roti bawang* ina vitunguu. Ukiongeza *garing* utapata yenye ukaukau. Ukisema *banjir*, yaani mafuriko, itakatwakatwa na kumwagiwa mchuzi juu. Kosa kubwa ni kununua iliyorundikwa kabatini. Roti hii ina dakika zake tano. Ikipoa inavutika kama mpira. Chagua mahali ambapo unamwona mpishi akirusha donge, na umwache amalize yako.

Mchana

Saa 6 hadi saa 8 ni muda wa nasi campur, nasi kandar na mlo wa jani la mgomba. Fika kabla ya saa 7: ofisi zikitoka, foleni huwa ndefu na kitoweo kizuri huisha. Ijumaa vibanda vingi vya Waislamu husimama kwa ajili ya sala.

Nasi kandar asili yake ni Penang. Unapanga foleni, unataja wali, kitoweo na mboga, kisha unasema *kuah campur*, na muuzaji anamimina michuzi mitatu minne tofauti juu ya wali mmoja. Huo mchanganyiko ndio chakula chenyewe. Anayeomba mchuzi mmoja tu, pembeni, kwenye bakuli, anapoteza fedha yake. Agizo salama la mara ya kwanza: kuku wa kukaanga, bamia, kuah campur. Kamba wakubwa waachie siku ambayo umeshajua bei ya duka hilo.

Kwenye migahawa ya Wahindi wa Kusini, kama ile ya Brickfields mjini Kuala Lumpur, wali huwekwa moja kwa moja juu ya jani, na mboga tatu hivi, papadamu na achari. Wali na mboga kwa kawaida huongezwa bila malipo. Nyama na samaki hulipiwa kivyake. Ukimaliza, kunja jani kuja upande wako. Hiyo ni ishara kwamba umeshiba na umeridhika, na mhudumu ataacha kukuongezea.

Kwa mkono, tumia wa kulia tu. Kuna sinki karibu na kaunta. Kwa vifaa, kijiko hukaa kulia na uma kushoto, uma ukisukuma chakula kwenye kijiko. Kisu hutakiona.

Alasiri

Kati ya saa 9 na saa 12 jioni watu hula vitu vidogo: ndizi za kukaanga, *kuih* (vitafunio vidogo) za kila rangi, na cendol. Cendol ni barafu iliyosagwa, tui, vipande vya tambi za kijani za unga wa mchele na sukari nyeusi ya mnazi iitwayo *gula melaka*. Koroga kabla ya kunywa, sukari hukaa chini. Kama haina harufu ya moshi kidogo, basi wametumia sukari ya kawaida iliyotiwa rangi.

Jioni na usiku

Satay huwashwa moto jua linapozama. Ni mishikaki myembamba, ya njano kwa manjano na yenye mchaichai, na mji wa Kajang, kusini mwa Kuala Lumpur, ndio uliojipatia jina kwayo. Vibanda vingi havichukui agizo la chini ya vijiti 5 au 10. Wawili wenye njaa ya kawaida huhitaji 20. Hakikisha vinaletwa tango, kitunguu kibichi, wali wa kubanwa na mchuzi wa karanga. Chovya wali pia. Nyama ya kuku ndiyo rahisi kuiva sawasawa. Ya ng'ombe ikikaa motoni kupita kiasi huwa ngumu, kwa hiyo agiza vijiti vichache kwanza uionje.

*Pasar malam*, soko la usiku, kila mtaa una siku yake moja katika wiki. Uliza wenyeji siku hiyo. Zunguka safu nzima kabla ya kununua chochote. Anayenunua kwenye kibanda cha kwanza hushiba kabla ya kufika kwenye kizuri. Barabarani utakuta pia mkokoteni wa baga. Omba *burger special*: nyama hufungwa ndani ya yai jembamba, pamoja na sosi. Haina uhusiano wowote na upishi wa kale, na bado usiku wa saa 6 hakuna kitu kinachoishinda.

Samaki na taa wa kuchoma, *ikan bakar* na *ikan pari*, huuzwa kwa uzito. Menyu ikiandika bei kwa gramu 100, samaki wa gramu 800 ni mara nane ya ile namba uliyoiona. Taka apimwe mbele yako, bei isemwe kabla hajaenda motoni. Kwenye migahawa ya Wachina ya samaki, karanga na vitambaa vya maji vinavyowekwa mezani bila kuombwa hulipiwa. Huvitaki, virudishe mapema. Sheria inataka bei zionyeshwe, na wizara ya biashara ya ndani, KPDN, hupokea malalamiko. Risiti ndiyo ushahidi, itunze.

Aliyechoka na vyote hivyo hana haja ya kujilazimisha. Wali wa mandi na kondoo unapatikana Bukit Bintang, mtaa wa Kuala Lumpur, kwenye migahawa ya Waarabu, na mamak nyingi zina biriani.

Vinywaji: sukari ndiyo mtego

- *Teh*: chai yenye maziwa mazito ya kopo, tamu sana. *Teh tarik* ni hiyohiyo iliyomiminwa kutoka juu, kikombe hadi kikombe, mpaka itoe povu.
- *Teh o*: chai ya rangi, sukari imo.
- *Teh o kosong*: chai ya rangi bila sukari.
- *Teh C*: maziwa ya kopo yasiyotiwa sukari, ila sukari huongezwa kando. Sema *teh C kosong* kama huitaki.

Badili "teh" kwa "kopi" upate kahawa kwa mpangilio uleule. Ongeza "ais" upate ya baridi. Teh tarik bila sukari haiwezekani, kwa sababu utamu umo ndani ya maziwa yenyewe. Kinachowezekana ni *kurang manis*, ambapo maziwa hupunguzwa. Maji ya uvuguvugu, *air suam*, hulipiwa senti chache. Maji ya bomba wenyeji huyachemsha au kuyachuja kwanza.

Ukitoka Kuala Lumpur

Penang, kula *asam laksa*: tambi nene za mchele ndani ya supu ya vibua vilivyosagwa na ukwaju, yenye mnanaa na ua la tangawizi pori. Juu au pembeni huwekwa kijiko cha sosi nyeusi ya kamba, *hae ko*. Anza na robo ya kijiko hicho, ni kizito kuliko kinavyoonekana. Usiichanganye na laksa ya mchuzi wa nazi ya Kuala Lumpur, ni vyakula viwili tofauti.

Kelantan ina *nasi kerabu*, wali wa buluu unaopakwa rangi kwa maua ya mkunde wa buluu na kuliwa na majani mabichi, nazi ya kukaanga na samaki. Terengganu ina *nasi dagang*, wali wa tui na uwatu pamoja na mchuzi wa jodari; huliwa asubuhi na huisha mapema. Melaka tafuta *asam pedas*, samaki wa ukwaju na pilipili. Kuching, laksa ya Sarawak ni ya kifungua kinywa, yenye kamba na yai lililokatwa vipande vyembamba.

Tumbo, mzio na doriani

Mwenye mzio wa kamba awe macho sana. *Belacan*, kamba waliochachushwa na kukaushwa, imo kwenye sambal nyingi na hata kwenye mboga za majani. Sema "saya alah udang", na ukijua mwili wako haucheki, epuka sambal yote. Mchuzi wa satay una karanga daima. Asiyekula nyama asitegemee mboga za vibandani. Aende migahawa ya Wahindi ya mboga tupu.

Siku tatu za mwanzo tumbo huweza kusumbuliwa pia na tui, mafuta na pilipili vilivyokuja pamoja kwa wingi. Kula mlo mmoja mzito kwa siku, mingine iwe supu au wali na kuku wa kuchemsha. Halmashauri huipa migahawa daraja A, B au C, na cheti hubandikwa ukutani. Foleni ya wenyeji nayo ni kipimo, kwa sababu chakula hakikai.

Doriani, tunda ambalo hata Unguja lipo, msimu wake mkubwa ni kati ya Juni na Agosti. Huuzwa kwa kilo pamoja na ganda, na ganda ndilo lenye uzito mwingi. Musang King, iliyosajiliwa kama D197, ndiyo ghali. Ya kijijini, *durian kampung*, ni rahisi na ladha yake hubadilika tunda kwa tunda. Taka lipimwe, bei itajwe, kisha lifunguliwe uonje kabla ya kulipa. Likiwa bichi au lina mdudu, muuzaji mwaminifu hukubadilishia. Ulile palepale kibandani: hoteli nyingi zimebandika katazo la kuliingiza, na ukikamatwa nalo chumbani utatozwa faini.